Picha ya Elfu Mbili Mia Sita na Kumi

Katandala,
Sumbawanga.
Jumatano, 16 Novemba 2005.

Mpendwa Dada Silvana,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima wa mwili na moyo, wewe na shemeji Steven pamoja na wajomba zangu wote. Mimi mwili sijambo, ugali naushusha na kile kikohozi cha Julai kiliondoka na baridi yake. Ni moyo ndio umenikalisha hapa na kalamu tangu asubuhi. Samaki wale migebuka mliotuma kwa dereva wa lori walifika, ahsanteni sana. Mvua huku imeanza kwa ubahili, inanyesha kwa jirani inatuacha sisi. Je, huko ziwani? Na hapo zahanati dawa zimefika, au bado mnawagawia wagonjwa maneno ya kutia moyo?

Najua unavyosoma barua. Unaruka salamu, unatafuta habari, ukiipata unaguna. Safari hii nakuomba ukae chini kwanza. Kama uko zamu, iweke mfukoni uisome ukitoka, maana sitaki uwe na sindano mkononi.

Nianze kwa kusahihisha uongo. Mwezi uliopita nilimwagiza shemeji akwambie kwamba Mama amekuja kwangu kutibiwa macho. Si kweli. Mama nyumba yake imechomwa. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, sasa naiacha ikae. Yeye mwenyewe yuko salama, Mungu ni mwema. Kiganja cha kushoto kiliungua kidogo alipokuwa akiburuta gunia la ulezi, nacho kimepona. Lakini nyumba haipo, kihenge hakipo, na kule kijijini, ng'ambo ya Mwazye, kuna watu wanaosema hawajamaliza.

Nisubiri kidogo, usivae viatu bado. Nataka ujue ilivyokuwa, tena uijue kutoka kwangu.

Bosi wangu Christopha unamfahamu, yule mwenye studio ya video, mwenye mdomo kuliko spika zake. Kazi zetu ni harusi, kipaimara na misiba ya wenye nacho. Mwaka juzi alinunua Mbeya kompyuta ya mtumba, na ndani yake tukakuta programu ya kutengenezea katuni, zile zenye umbo kamili, unazizungusha kwenye skrini kama mfinyanzi anavyozungusha chungu. Christopha aliiogopa. Mimi nikaing'ang'ania mpaka ikaniachia siri zake, bila mwalimu, kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo. Usinicheke dada, nilijiona nimefika. Sumbawanga nzima nilikuwa peke yangu kwenye kazi hiyo, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Mwezi wa nane akaja mama mmoja aitwaye Winifrida, ofisa wa asasi inayopita vijijini kuwaelimisha watu waache kuwasingizia vikongwe uchawi. Alikuwa amechoka na vipeperushi, anasema watu wanavifungia ugoro. Alitaka katuni ya dakika tatu, ipelekwe kwa jenereta na deki hadi huko kusikofika umeme. Hadithi alikuwa ameiandika mwenyewe. Nusu ya kwanza inaonyesha yale watu wanayosema kana kwamba ni kweli. Bibi kizee anapenya ukutani bila kufungua mlango, anapanda ungo, anaruka hadi kwa jirani na kumnyanyua mtoto kitandani. Mtazamaji anaogopa na kuamini. Nusu ya pili inamgeukia: kumbe yote yalikuwa maneno ya kilabuni. Mtoto ana malaria, na bibi huyo huyo ndiye anayembeba mgongoni kumkimbiza zahanati, na mtoto anapona. Winifrida alisema mtu akamatwe kwanza kwenye kosa lake ndipo aone aibu. Nilikubaliana naye, na mpaka leo naona alisema kweli.

Sasa huyo bibi alihitaji uso. Nilijaribu kumbuni mwenyewe, akatoka kama boga. Ndipo nikakumbuka picha nilizompiga Mama kwenye harusi ya Cornelia, akiwa amekaa karibu na dirisha. Nikazichukua. Nikachukua kovu lile la chini ya jicho alilochomwa na ukuni, pengo la mbele, kitenge cha WAWATA cha kanisani, hata namna anavyotembea akitupa mguu wa kulia nje. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nikaichora na nyumba: mlango wa bati la kijani, kihenge kilichoinama, ule mti wa mbono wa mbele ya mlango tuliokuwa tunafungia mbuzi. Dada, nakuapia sikuwa na nia mbaya. Nilimchukua yeye kwa sababu katika vikongwe wote ninaowajua, ndiye ambaye ukiambiwa hana hatia unaamini papo hapo. Wewe ulitoka tumboni mwake. Mimi aliniokota nina miaka miwili, mdogo wake aliyenizaa alipomwachia, na hatukupata kuona tofauti kwenye sahani. Nilitaka siku moja nimkalishe mbele ya TV, ajione, ashtuke, acheke. Ruhusa sikumwomba.

Hapa nikufundishe kazi kidogo, maana bila hivyo hutaona mambo yalipoharibikia. Ukishapanga vikaragosi vyako na mwendo wake, video bado huna. Una maagizo tu. Lazima kompyuta ikae ichore picha moja baada ya nyingine: hapa kivuli, hapa mwanga wa mwezi, hapa mkunjo wa kitenge. Sisi tunaita kurenda. Sekunde moja inakula picha ishirini na tano, kwa hiyo dakika tatu ni picha elfu nne na mia tano. Mashine yetu picha moja inaichora kwa dakika tatu, na zile za ungo zenye mawingu na moshi kwa dakika tano. Piga hesabu utapata siku kumi, mchana na usiku, umeme ukiwepo. Zikishakamilika zote ndipo unaziunganisha na sauti. Unaiambia programu ianzie picha ya ngapi na iishie picha ya ngapi, nayo inakutolea faili moja la video, unalichoma kwenye sidii, kazi imekwisha.

Nilipewa siku kumi na mbili, na umeme ukakatika. Christopha alikuwa Mbeya kununua kanda, na jenereta yetu ilikuwa imekodiwa harusini Namanyere. Jumanne asubuhi Winifrida alipokuja na gari, wageni wa asasi wamekaa ndani wanamsubiri, mimi nilikuwa nimefikia picha ya elfu mbili mia sita na kumi. Kwenye picha hiyo Mama yuko juu ya ungo, mtoto mikononi, anatazama mbele. Nusu ya pili haikuwepo. Ilikuwa maagizo tu ndani ya mashine.

Nikampa sidii kumi za hicho kilichokuwepo. Nilijiambia kufikia Jumamosi nitakuwa nimemaliza, nitampelekea nyingine tubadilishane, hakuna atakayejua. Ratiba niliyoiona kwake ilianzia ofisi za mjini, vijiji vilikuwa wiki ya pili. Winifrida alitazama dakika ya kwanza tu amesimama, funguo mkononi, akaniita fundi, akapiga makofi kwenye ungo, akaondoka na wageni wake kwenda uwanja wa ndege wa Mbeya. Sidii akawaachia vijana wawili wa kuonyesha, ambao hadithi hawakuwahi kuisoma. Vijana wakaona barabara ya Mwazye bado kavu, wakaigeuza ratiba. Wakaanza na kwetu.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya kijito, ambaye Mama aligombana naye kila mwaka kwa ajili ya ndama kuingia kwenye maharage. Anasema TV iliwekwa juu ya magunia kwenye ghala la chama cha ushirika, saa kumi jioni, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Mwanzoni watu walicheka. Bibi alipotokea, mtoto mmoja akataja jina la Mama. Kikaja kihenge. Ukaja mbono. Masanja anasema baada ya hapo waliokuwa mbele walianza kusogea nyuma. Mama mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda Mwazye kusaga. Aliporudi na unga wake kichwani, wanawake waliokuwa kisimani walisogea wakampisha njia yote, akadhani wanauheshimu mzigo.

Utauliza mtu mzima anaamini vipi katuni. Nami nilijiuliza hivyo, kwa kiburi changu cha mjini. Dada, kijijini kwetu hawajapata kuona katuni. Video wanayoijua ni ya kwetu sisi, ya Christopha na mimi: harusi ya fulani, mazishi ya fulani, kipaimara cha watoto wao wenyewe. Video kwao ni jambo lililotokea mbele ya mashine, na anayeshika mashine ni mimi, Isdori. Kwa hiyo hawakusema Isdori amechora. Walisema kijana amemvumilia mama yake mlezi miaka yote, sasa kashindwa, kamnasa, kamtoa hadharani. Neno hilo Masanja alilisikia kwa masikio yake, likitoka kwa watu waliotulea.

Wiki tatu baadaye mtoto wa Marsiana akashikwa na homa. Marsiana unamkumbuka, Mama ndiye aliyemzalisha kifungua mimba wake juu ya mkeka wetu. Mtoto alipata degedege siku mbili, akafariki. Mama alikwenda msibani na bakuli la unga kama desturi, bakuli likarudishwa mlangoni kwake likiwa limefunikwa vile vile. Kesho yake baada ya mazishi, saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wakatoka msibani wakaja. Hawakupiga kelele, Masanja anasema, walikuja kama wanaokwenda kuvuna. Yeye aliona moshi akaja na mkokoteni wa ng'ombe. Akamkuta Mama anaburuta gunia, akamnyanyua yeye na gunia lake akawaweka ndani, akapita katikati ya watu akiwatazama machoni hadi Mwazye. Mtu ambaye Mama alimshtaki kwa mtendaji mara nne.

Huku kwangu alifika na gunia hilo na rozari. Siku ya pili akaniuliza jambo ambalo nalisikia mpaka sasa nikinywa chai: "Wananiambia nimeonekana. Nimeonekana wapi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba watu wa vijijini wana maneno mengi. Akatikisa kichwa, akaanza kuchagua mawe kwenye maharage yangu.

Wakati huo katuni kamili nilikuwa nimeshaimaliza zamani. Nilipeleka sidii mpya Jumamosi ile ile niliyojiwekea, nikakuta ofisi imefungwa. Winifrida aliporudi kutoka Dar nikamweleza kwamba umeme uliikata. Alizikusanya sidii zote na kusimamisha maonyesho. Amekuja hapa kumwona Mama mara mbili pamoja na mwanasheria wa asasi, hakumwambia chanzo kwa sababu nilimwomba aniachie mimi. Lakini dada, maji yakimwagika hayazoleki. Siku hizi kila mtu ana biashara yake. Mtu mmoja alikuwa ameshanakili sidii moja, na sidii ukishainakili mara moja imeshazaa. Ikaonyeshwa Matai. Halafu tukasikia iko sokoni hapa mjini. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafua uani, magari ya kampeni yamepita na matarumbeta yao, yakanyamaza, ndipo nikasikia filimbi kutoka kibanda cha video cha mtaa wa pili. Filimbi hiyo niliipuliza mimi. Ndiyo inayotangulia ungo.

Tangu hapo imekuwa inatusogelea. Muuza maandazi wa pale kona alikuwa akimwita Mama shangazi, sasa akimwona anamvuta mtoto wake nyuma ya meza. Bombani watoto wamempa jina, Bibi wa Ungo. Mke wa mwenye nyumba aliniuliza kwa upole mama yangu ataondoka lini. Stendi, mtu wa kijijini, shemeji yake Marsiana, alimwuliza kondakta Isdori wa studio amepanga wapi. Na Jumapili asubuhi tulipotoka kwenda misa tukakuta mlangoni kwetu pamechorwa duara kubwa kwa mkaa, lenye mistari ya kupishana kama ungo ulivyosukwa. Mama aliliangalia akasema watoto wa hapa wanapenda kuchora jua. Akalifuta kwa tambara la maji, tukaenda kusali. Sikumbuki hata somo lilikuwa nini.

Juzi Jumatatu mchana akaiona. Alikuwa ametoka sokoni, watoto wakamwita waziwazi, bibi njoo ujione. Akaingia kibandani akasimama nyuma na kikapu chake. Wanasema wanaume waliokuwa wamekaa walipogeuka na kumwona walitoka nje wote, hata mwenye kibanda, wakamwacha peke yake na TV. Akaitazama mpaka ilipoishia, akarudi nyumbani. Nilikuwa nimekuja kula. Akakaa, akavua viatu, akavipanga. Nikajua amejua ni mkono wangu, maana kovu lile nani mwingine angelipatia. Nikangoja anilaani. Dada, mtu aliyechomewa nyumba aliniuliza hivi tu: "Baada ya pale inakuwaje?"

Miezi yote hii hakuna aliyeuliza. Si wale wa ghalani, si wa vibandani, si wale waliokuja na viberiti. Ni yeye tu aliyejua kwamba hadithi yake haiwezi kuwa imekomea pale. Nililia kama mtoto, sina aibu kukwambia.

Jana nikampeleka studio nikamwonyesha yote, dakika tatu kamili. Alikaa mikono juu ya magoti. Pale anapombeba mtoto kwenda zahanati alicheka, akasema nimemtembeza kama bata. Kisha akauliza kwa nini kipande hicho watu hawakukiona. Nikamwambia ni umeme. Akasema umeme ni kweli hauna adabu. Akaniamini, dada. Akanishika kichwa.

Jioni hiyo hiyo akafika mtu na salamu kutoka kwa Masanja. Mtoto wa pili wa Marsiana, Herieth, yule mdogo, ana homa tangu Jumapili. Hawajampeleka popote. Wanasema hakuna haja ya dawa wakati mwenye kuifungua homa anajulikana alipo. Na Jumamosi hii Winifrida amepanga na viongozi wa kata irudiwe ghalani pale pale, safari hii katuni nzima. Masanja anaagiza tuje na sidii lakini Mama tusimlete kabisa.

Mama aliyasikia yote. Amesema atakwenda. Nimembembeleza, Winifrida amembembeleza, ni kama kubembeleza jabali. Anasema atakaa mbele kabisa, watu wamwone yeye na wamwone yule wa kwenye TV, walinganishe. Anataka pia asimame kabla haijawashwa, aseme neno. Anasema atawaeleza kwamba mwanawe hakumnasa wala hakumsaliti, kwamba mwanawe hana kosa, ni umeme tu ulikatika.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala, na ndiyo maana unashika barua hii. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha wangu kwa Mama, kwa Winifrida, kwa Christopha, hata kwako kurasa zote hizi. Dada Silvana, umeme ulikatika siku mbili tu. Nilipewa siku kumi na mbili, kazi ilihitaji kumi. Ningemaliza. Siku tatu na nusu nilizila mwenyewe kwa kurudia ungo. Mara ya kwanza kivuli chake hakikunipendeza, nikafuta picha mia tano nikaanza upya. Mara ya pili mawingu. Kipande cha zahanati kilinichosha, nilikiona cha shule, nikawa nakisogeza mbele. Nilitaka watu waseme Isdori kaurusha ungo, nao wakasema.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Asubuhi ile ya Jumanne, kabla Winifrida hajafika, niliiambia programu iishie picha ya 2,610. Nikaitazama. Ilikuwa inakatika ghafla, hata mtoto mdogo angeuliza sidii ina nini. Nikaona haya ya kazi yangu. Basi nikaigandisha picha ile ya mwisho kwa sekunde kumi, Mama juu ya ungo na mtoto wa watu mikononi, anawatazama. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa nyeupe: MWISHO. Na chini yake: Imetengenezwa na Isdori.

Ningeiacha ikatike, wale vijana wangerudi wakilalamika kwamba sidii ni mbovu. Watu ghalani wangepiga kelele, wangedai waone inavyoendelea. Neno langu ndilo lililowanyamazisha. Vijana walipolisoma wakazima jenereta wakawashukuru watu kwa kuja. Mama hasomi, aliona maandishi akadhani ni jina la studio. Winifrida hajapata kuitazama hadi mwisho, ila ataiona. Na wale wa kijijini wanaosoma waliona jina langu limetia sahihi.

Sasa Jumamosi Mama atasimama mbele ya watu waliomchomea nyumba, na ataapa kwa umeme, kwa sababu mimi nilimwambia. Yupo mtu pale aliyesoma yale maandishi. Atamwuliza, bibi, umeme unaandika? Na mtoto wa Marsiana atakuwa bado anaungua homa.

Nimeamua nitasema mimi kabla yake. Lakini najijua, na wewe unanijua tangu nilipovunja chungu nikamsingizia mbuzi. Nikifika pale nikaona nyuso zile, ulimi unaweza kunifia. Ndiyo maana nimekuandikia yote, ili pawepo mtu mmoja duniani anayeyajua na asiyeweza kuniacha nikae kimya. Kondakta wa basi la Namanyere ameniahidi itakufikia kesho Alhamisi. Omba ruhusa dada, njoo. Beba dawa za homa za mtoto wa miaka mitatu, na sindano, usimsubiri mtu akuite, pitia kwa Marsiana kwanza kabla hujaja ghalani. Wewe wanakuheshimu, nusu ya watoto wale uliwachanja. Halafu uje usimame mahali ninapoweza kukuona. Nikifungua mdomo nikataja umeme, uisome barua hii kwa sauti.

Hukumu yako kwangu niachie hadi baada ya Jumamosi. Ukiamua mimi si mdogo wako tena, nitakuelewa, ila kwanza tumtoe Mama salama.

Msalimie shemeji Steven, umwombe radhi kwa uongo niliombebesha. Wajomba zangu uwabusu mmoja mmoja. Mama yuko hapa kando yangu, anapiga pasi kitenge chake cha Jumamosi, ameniuliza namwandikia nani nami nimemwambia ni wewe. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba usinigombeze kwa habari ya nyumba, kwamba Isdori ni mtoto mwema na haya yote ni kosa la umeme. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi mdogo wako,
Isdori.